Nani Alikanyaga Pedali

Pedali ilikuwa ngumu. Inspekta aliikanyaga mara ya kwanza kwa kusitasita, maana kiti alichokalia kilikuwa cha mtu aliyekufa, kisha akaikanyaga tena kwa uzito wake wote. Haikuzama. Juu yake hapakuwa na paa; waokoaji walikuwa wamelikata ili kumtoa dereva, na jua la asubuhi lilikuwa likimpiga utosini kama mtu aliyekaa kwenye mtumbwi.

"Nilishaandika, afande," alisema mkaguzi wa magari, akiwa amesimama kando na mikono kifuani. "Mabomba mazima. Pedi mpya. Kikopo cha mafuta ya breki kimejaa hadi kwenye alama. Gari hili lilikuwa na breki."

"Basi mbona halikusimama?"

"Dereva alichelewa kukanyaga. Wanachelewa, hawa watu wa mbio."

Inspekta aliikanyaga pedali mara nyingine. Watu wa kituoni walimwita Bi Tena, kwa sababu shahidi akimaliza kueleza, yeye husema "tena", na shahidi huanza upya. Mshika bendera wa uwanja wa mbio alikuwa amerudishwa hivyo jana yake, na mara zote maelezo yake hayakubadilika hata kidogo: taa za breki za gari lile ziliwaka mapema, kabla kabisa ya kona, na hazikuzimika. Gari halikupunguza mwendo. Liliuparamia ukuta wa matairi, likaruka, likaangukia paa.

Taa hazidanganyi. Mguu wa dereva ulikuwa kwenye pedali.

Marehemu alikuwa mpima ardhi, mtu wa makamo, asiye na mke wala deni la mtu. Gari lake lilikuwa moja tu. Siku za kazi lilimpeleka kazini, likambeba mama yake kwenda hospitali. Na uwanja ulipotangaza siku ya wazi, ile ambayo mtu yeyote huruhusiwa kuleta gari lake la barabarani na kulikimbiza bila kuogopa trafiki, alilitoa viti vya nyuma na kwenda nalo. Jumamosi iliyopita alikwenda hivyo hivyo, na hakurudi.

"Tatizo lenyewe dogo," alisema Sajenti, aliyekuwa ameegemea mlango uliobaki. "Tumeshampata. Mdogo wake yuko mahabusu. Alionekana Alhamisi jioni amelala chini ya gari na spana mkononi. Chumbani kwake tumekuta chupa ya mafuta machafu ya breki. Na mama mzazi, afande, mama mzazi kabisa, amemsikia akimwambia kaka yake, 'Utakufa na gari lako hilo, na sitakulilia.' Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo?"

"Laja," alisema Sajenti, akakosa raha kidogo, kwa sababu hapo methali haikumsaidia.

Inspekta alishuka. "Mkaguzi anasema breki ni nzima. Wewe unasema ziliharibiwa. Mmoja wenu amekosea, au nyote mmesema kweli na hatujui vipi. Nyanyueni gari."

Walilinyanyua kwa jeki ya gereji ya polisi. Inspekta aliinama kwenye kila gurudumu na tochi, hali mkaguzi akimwonyesha. Nyuma ya kila breki pana kiskrubu kidogo, ndicho kinachofunguliwa kutoa mafuta ya zamani na hewa, nacho huvishwa kofia ya mpira ili uchafu usiingie. Gurudumu la mbele kushoto, kofia ilikuwa safi na skrubu ina alama mpya za spana.

"Hapo ndipo alipofungua," alisema Sajenti.

Inspekta alizunguka. Mbele kulia, kofia ilikuwa imeganda kwa tope kavu la rangi ya kahawia, tope la misimu mingi. Nyuma kushoto, vivyo hivyo. Nyuma kulia, kofia ilikatika alipoigusa, kwa jinsi ilivyokauka.

Alibaki amechuchumaa kwa muda.

"Sajenti, fundi aliyelihudumia gari hili alisema nini kwenye maelezo yake?"

"Kwamba alibadilisha mafuta yote ya breki wiki moja kabla. Akaweka mapya, yale ya kuvumilia joto kubwa. Gari lilitoka kwake salama, na kama mtu alilichezea baadaye, yeye hahusiki."

"Yote?"

"Ndivyo alivyosema. Yote."

Inspekta alijifuta magoti. Kisha akaagiza yatolewe mafuta ya kikopo cha juu kwenye chupa moja, na ya gurudumu la nyuma kulia kwenye chupa nyingine, na zote mbili zipelekwe kwa mkemia pamoja na ile chupa iliyokutwa chumbani kwa mdogo wa marehemu.

*

Mdogo mtu alikuwa mwalimu wa fizikia. Siku zile za mahabusu zilikuwa zimemkausha midomo; alikaa wima, mikono juu ya meza, kama anayesimamia mtihani. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Umepewa chai?" aliuliza Inspekta.

"Nimepewa, afande. Ahsante."

"Alhamisi jioni ulikuwa unafanya nini chini ya gari la kaka yako?"

"Nilimweleza Sajenti. Akaniambia nitamweleza hakimu."

"Nieleze mimi."

Mwalimu alivuta pumzi. "Nililiazima siku ile kumpeleka mama kliniki. Tukishuka ule mlima wa hospitali, pedali ikalegea. Kidogo tu. Tulipofika bondeni na kupumzika, ikarudi ngumu. Sikuipenda. Jioni nikafungua skrubu ya gurudumu moja, nikatoa mafuta kidogo kwenye chupa ya jamu. Yalikuwa meusi kama kahawa. Nikampelekea. Akacheka. Akanivuta hadi kwenye boneti akanionyesha kikopo: mafuta safi, yana rangi ya asali. Akasema, 'Yamebadilishwa juzi, mdogo wangu. Wewe fundisha watoto mteremko, gari niachie.'"

"Ukajibu nini?"

"Mnajua nilichojibu. Mama alikuwa dirishani."

"Tena."

Akasita. "Nikamwambia, ukienda uwanjani na mafuta haya, utakufa na gari lako hilo, na sitakulilia." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Dirisha la jikoni lilikuwa nusu wazi. Nadhani mama alisikia nusu."

"Chupa ile ulikuwa unaihifadhi ya nini?"

"Nilitaka kuyachemsha Jumatatu kwenye maabara ya shule, nimwonyeshe kipimajoto. Si mtu wa kuamini maneno, anaamini vipimo. Alikuwa anaamini." Akarekebisha sentensi yake kama anavyorekebisha daftari la mwanafunzi. "Sikujua kama siku ya wazi ilikuwa Jumamosi ile. Hakuniambia, tulikuwa tumenuniana."

Inspekta alimtazama. "Haya yote ungeyasema kwa nguvu zaidi. Umekaa humu kama mtu aliyekubali."

"Afande, mama yangu amekuja hapa kwa miguu yake, akaandikisha kwamba nimemuua mwanawe. Mimi ni nani nimsahihishe?"

Hapo Inspekta hakusema "tena".

*

Mkemia alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na alikuwa na tabia ya kusema na vitu kabla ya kusema na watu. "Ninyi mmefika," aliziambia chupa tatu, akazipanga mezani. Ndipo akamgeukia Inspekta. "Kaa. Hii ya kikopo cha juu ni mafuta mapya, mazuri. Aliyeyachagua alijua anachochagua. Hii ya gurudumu la nyuma ni uchafu wa miaka. Na hii ya chupa ya jamu ni ndugu yake huyu wa nyuma, shilingi kwa ya pili."

"Gari moja linawezaje kuwa na mafuta mapya juu na ya zamani chini?"

"Kwa sababu mafuta ya breki hayazunguki kama damu. Ukikanyaga yanasukumwa, ukiachia yanarudi palepale. Ukimimina mapya juu, ya chini yanabaki chini. Kuyatoa lazima ufungue kila gurudumu na kuyasukuma mpaka mapya yatokee."

"Na ubaya wa ya zamani ni nini?"

"Maji." Mkemia alivua miwani. "Haya mafuta yana kiu, mdogo wangu. Yananyonya unyevu wa hewani hata ukiyafunga. Yakiwa mapya yanastahimili joto kali bila kuchemka. Yakishakunywa maji, yanachemka mapema, na breki za uwanjani zina moto wa tanuri. Kwenye barabara ya kawaida, mtu angeendesha miaka asijue. Uwanjani, kona ya nne, ya tano, yanatokota ndani ya breki. Yanageuka mvuke. Unajua ukiukanyaga mvuke inakuwaje?"

"Unabonyea."

"Unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni na gari halina habari. Halafu?"

Inspekta alikuwa ameshafika. Alisema taratibu, "Halafu yakipoa, mvuke unageuka maji tena. Pedali inarudi kuwa ngumu. Mkaguzi anakuja, anakanyaga, anaandika breki ni nzima."

"Wala hakusema uongo."

"Sasa niambie hili, na ulifikirie kabla hujanijibu. Kuna mtu alifungua skrubu ya gurudumu moja siku mbili kabla. Kama aliingiza hewa kwa makusudi, au kwa bahati mbaya, si ingeleta matokeo yale yale?"

"Ingeleta. Lakini hewa si mvuke. Hewa haina pa kwenda. Ikipoa inabaki hewa. Pedali ingekuwa laini hata leo, hata mwakani."

"Nimeikanyaga leo asubuhi. Ni jiwe."

"Basi huyo mtu wako alifunga alipofungua," alisema mkemia, akaanza kuziba chupa. "Mwachie."

Sajenti, aliyekuwa kimya mlangoni, alikohoa. "Mama, ningependa kujua. Kwa nini marehemu hakununua tu yale ya mbio kabisa, ya magari ya mashindano? Si ndiyo yenye nguvu kupita yote?"

"Ndiyo, na ndiyo yenye kiu kupita yote. Yale ni ya mtu mwenye gari la mashindano tu, anayeyamwaga kila baada ya mbio chache. Mtu anayekwenda kazini Jumatatu na uwanjani Jumamosi anataka mafuta yanayostahimili joto hata baada ya kunywa maji kidogo. Marehemu alichagua hayo hasa. Sina la kumlaumu." Akaweka chupa ya mwisho kwenye sanduku. "Alichagua sawa. Ila hayakumfikia."

*

Fundi alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mikono, kwa jinsi mikono yake ilivyosifika. Alifanya kazi peke yake, kwenye gereji ndefu yenye shimo moja la kushukia chini ya gari, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa kama watoto waliopangwa mstarini. Alikuwa amesoma darasa moja na marehemu, na siku ya maziko ndiye aliyeshika kona ya mbele ya jeneza. Alipomwona Inspekta aliosha mikono kwa mafuta ya taa, akaifuta, akamletea stuli.

"Pole sana kwa rafiki yako," alisema Inspekta.

"Tumeshapoa, afande. Kazi ya Mungu."

"Nina mambo madogo tu, nifunge jalada. Mafuta ya breki aliyachagua nani?"

"Mimi. Yeye alisema anataka ya kuvumilia joto, ila gari ni la kila siku. Nikamwambia achana na haya ya kawaida, achana na ya mashindano, chukua haya ya katikati. Chupa niliifungua mwenyewe, ilikuwa na lakiri."

"Ulichagua vizuri. Hata mkemia amekusifu."

Mikono aliinamisha kichwa, akashukuru.

"Ukayabadilisha yote. Magurudumu yote manne."

"Yote."

"Mimi breki sizijui, utanisamehe," alisema Inspekta. "Nimeambiwa kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja yuko chini, anafungua skrubu. Mwingine yuko kwenye kiti, anakanyaga. Anakanyaga, anafungua, anafunga, anaachia. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na wewe unafanya kazi peke yako."

"Ndiyo, afande."

"Nani alikanyaga pedali?"

Mikono hakujibu upesi, na jibu hilo, kama ni la kweli, halina haja ya kutafutwa.

"Yeye mwenyewe," alisema. "Marehemu."

"Siku hiyo marehemu alikuwa porini na vipimo vyake. Wenzake wa kazini walimchukua asubuhi hapa hapa mlangoni kwako, wakamrudisha jioni. Nimewauliza mmoja mmoja."

"Basi nilitumia mashine. Ipo mashine ya kusukuma, mtu mmoja anatosha."

"Nionyeshe."

Alikwenda pembeni, akaondoa turubai. Mashine ilikuwepo. Mpira wake ulikuwa umepasuka kwa urefu, na ndani ya ule mpasuko buibui alikuwa ameshajenga. Mikono aliitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza, kisha akairudishia turubai, polepole, kama mtu anayefunika uso.

"Kofia tatu kati ya nne za skrubu zina tope lililoganda," alisema Inspekta. "Ya nne aliifungua mdogo wake, akaona rangi ya mafuta, akamwonya. Marehemu hakumwamini kwa sababu alikuamini wewe."

Nje lori lilipita, vioo vikatetema.

"Nilivuta ya kikopo kwa sirinji," alisema Mikono. "Nikajaza mapya. Nilikuwa nasubiri mtu wa kunikanyagia, jirani wa pale dukani, hakutokea. Jioni rafiki yangu akaja ana haraka. Nikasema kwa barabarani si neno, atarudi tu nimalizie."

"Ulimwambia hayo? Kwamba bado?"

Mikono alitazama spana zake ukutani.

"Alikuuliza kama ni tayari. Ukamjibuje?"

"Nikamwambia tayari."

"Kwa nini?"

"Sijui, afande. Ni neno tu. Kila siku nalisema." Alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia ndani. "Sikujua angekwenda uwanjani wiki ile."

"Mtu anayeomba mafuta ya kuvumilia joto kubwa anakwenda wapi, sokoni?"

Mikono aliinamia lile shimo.

"Na mwalimu? Umejua tangu Jumapili kwamba yuko ndani. Umekwenda msibani, umekula na mama yao, umemsikia akimlaani mwanawe. Ukanyamaza."

"Nilidhani mtamwachia. Mnamwachia mtu mkikosa ushahidi."

"Ushahidi tulikuwa nao," alisema Inspekta. "Tulipewa na wewe."

Sajenti ndiye aliyemsomea: kusababisha kifo kwa uzembe, na kuwapa polisi maelezo ya uongo. Mikono alisikiliza hadi mwisho, akaomba afunge gereji. Alizima taa, akasukuma mlango wa bati, akaujaribu kama umeshika. Ukashika. Akanyoosha mikono.

*

Mama alikuja kituoni kabla ya magharibi, amejifunga kanga nyeusi ya msiba. Inspekta alimkalisha ofisini, akamweleza kwa maneno mepesi, bila kuruka kitu: mafuta ya juu na ya chini, mvuke, kofia za tope, neno "tayari". Mama hakulia. Alisikiliza akiwa amekaza macho kwenye midomo ya Inspekta, kama mtu anayesomewa barua kwa lugha ngeni.

"Alikuwa anamwonya," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilisikia utakufa."

"Alisema, mama. Kabla yake alisema 'ukienda na mafuta haya'."

"Hilo sikulisikia. Nilikuwa nafungulia maji." Akaivuta kanga begani. "Mwanangu wa kwanza nilimzika nikiwa na hasira na wa pili. Sikumlilia vizuri hata mmoja."

Inspekta alikuwa na miaka mingi katika kazi ile, na alijua kwamba kuna maneno ambayo hayataki mtu ayajibu. Alinyanyuka akafungua mlango.

Mwalimu alikuwa ameshatolewa. Alisimama mbele ya kaunta, anapokea mkanda wake na kamba za viatu kutoka kwa askari wa zamu. Aligeuka akamwona mama yake. Askari aliacha alichokuwa akifanya, na Sajenti akajikuta anasoma tangazo la ukutani alilolibandika yeye mwenyewe.

Mama alifika hadi karibu naye, akasimama. Alikuwa amekuja na maneno, hilo lilionekana. Midomo yake ilikuwa inayapanga.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

Ilikuwa salamu ya kila asubuhi, ya tangu alipojua kusema, na jibu lake mtu hulitoa hata akiwa usingizini. Mama alifungua kinywa. Neno marahaba halikuja. Alijaribu tena, na mkono wake ukapanda kushika pindo la kanga shingoni kana kwamba neno limekwama hapo.

Mwanawe alingoja, kamba za viatu zikining'inia mkononi. Alingoja kwa subira ya mtu aliyezoea kuwangoja wengine wapate jibu. Alipoona halitapatikana leo, aliukunja mkanda akautia mfukoni, akamshika mama yake kiwiko, wakashuka ngazi za kituo pole pole, yeye akiburuta viatu vilivyolegea, na salamu yake haijajibiwa.